Spana za Kutazamwa

Mwanamke akiwaambia wenzake kwamba mume wake ametekwa na mwanamke mwingine, atapewa pole, atapikiwa chai, atakaliwa kitako mpaka jioni. Mimi mwenzenu nilitekewa mume na sanduku, na kila niliyemweleza alicheka. Sanduku lenyewe ni la spana, jekundu, lina droo zinazoteleza bila kelele na magurudumu madogo chini yake. Siku lilipoingia uwanjani kwetu mume wangu alilifunika kwa shuka letu la kitanda, lile zuri, eti vumbi lisiliguse. Na mimi nilikuwa pale pale langoni naziba pancha, vumbi limenijaa mpaka kwenye kope.

Niwaeleze tulivyo ili mnielewe. Gereji yetu ni uwanja mmoja na banda la mabati. Mume wangu ni fundi wa injini, yeye yuko ndani bandani. Mimi niko langoni na tairi zangu: naziba, najaza upepo, nafungua na kufunga magurudumu. Katikati yetu yuko shemeji, mdogo wake mume wangu, fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa maneno machache ambaye vifaa vyake vyote viko kwenye gunia moja lililotoboka. Wateja walikuwa wanamfuata mume wangu, si sisi. Yule mtu ana sikio. Gari likiingia tu, hata halijazimwa, ameshajua linaumwa wapi, na mkono wake ukiingia kwenye injini unakwenda moja kwa moja kwenye ugonjwa. Nilimpendea hilo kabla sijampendea kitu kingine, na sioni haya kulisema.

Basi akaingizwa kwenye kundi la simu la mafundi linaloitwa Vifaa Safi. Mimi nilifurahi, nikajua sasa watapeana ujuzi. Ujuzi gani? Humo ndani hakuna anayetaja gari. Wanatumiana picha za droo. Mtu anafungua droo ya kwanza, anapiga picha. Anafungua ya pili, anapiga picha. Wenzake wanamjibu kwa makofi na machozi kama kazaa. Mume wangu akatuma picha ya soketi zake zimepangwa toka ndogo mpaka kubwa, na Mwenyekiti wa kundi, ambaye inasemekana hasifii ovyo, akamwandikia, "Umetisha, Mheshimiwa." Tangu siku hiyo jina lake likawa Mheshimiwa, na akaanza kutembea kama mheshimiwa.

Hapo ndipo nyumba ilipoanza kuliwa. Kila spana ikatakiwa iwe na kitanda chake ndani ya droo, yaani sponji iliyokatwa kwa umbo lake, isitikisike. Sponji akaitoa wapi? Kwenye godoro la wageni. Sikujua, wallahi, mpaka mama yangu mzazi alipokuja kututembelea, na asubuhi akanieleza kwa upole wa kutisha kwamba amelala juu ya shimo lenye umbo la nyundo. Mafuta yangu ya nywele yakaisha, nikadhani ni binti yangu, kumbe yanapakwa bisibisi zisipate kutu. Mswaki mpya nilionunua ukakutwa unasugua meno ya koleo. Nilipomuuliza, alinijibu kwamba meno yangu mimi yana dawa, ya koleo hayana.

Kisha akaanza kupanga upya. Wiki hii kwa ukubwa, wiki ijayo kwa rangi ya mishikio, wiki inayofuata kwa ukoo. Ndiyo, kwa ukoo. Spana zilizonunuliwa pamoja ni ndugu, hazitenganishwi. Ile spana ya mdomo wa kurekebisha, ambayo mafundi wana jina lake nisiloweza kulitaja mbele ya mama mkwe, ilihamishwa droo mara nyingi kwa sababu haina ukoo unaoeleweka. Wateja nao wakawa wanatembezwa kama watalii. Kuna baba mmoja alikuja na breki zinazolia, akaonyeshwa droo zote toka juu hadi chini, akaelezwa tofauti ya chuma kinachong'aa na chuma kinachometameta, akashukuru, akaondoka na breki zake zinalia vile vile.

Na kazi je? Kazi ilifanyika kwa gunia la shemeji. Hapo ndipo damu ilikuwa inanichemka. Mtu ana kila spana iliyowahi kutengenezwa, lakini gari likija anakwenda kwa mdogo wake: hebu niazime namba kumi na mbili, hebu niazime nyundo. Zake zisichafuke. Shemeji alikuwa anampa bila neno, ila siku moja alimuuliza kama hizo za kwenye sanduku zina mimba. Mheshimiwa alinuna siku nzima.

Wateja wakapungua. Si kwamba walikasirika, hapana, walimsifu sana, walimwita hodari wa usafi, kisha wakapeleka magari kwingine. Mimi tairi zangu haziwezi kulisha nyumba peke yake, kila mtu anajua. Tulikuwa tunaelekea kufunga, na mimi ndiye niliyekuwa nakosa usingizi. Mwenzangu alikuwa analala fofofo, mikono inanukia mafuta ya nywele.

Ndipo akatokea Mama Mikate. Huyu ana kiwanda cha mikate na magari ya kuisambaza, nami humjazia upepo kila mara. Siku hiyo alishuka garini, akasimama karibu nami akaniambia kwamba amechoka kutawanya magari yake kwenye gereji tofauti, huku wanamdanganya, kule wanamchelewesha. Anataka sehemu moja ya kuyapeleka yote. Safari ijayo gari lolote likimsumbua atalileta kwetu, na atakachokiona siku hiyo ndicho kitakachoamua. Nikaendelea kujaza upepo kana kwamba sijasikia la maana. Nikajua hapa ndipo pa kufa kupona. Tukimpata huyu, tumepona. Tukimkosa, mabati yale tutayauza.

Nilimweleza mume wangu usiku ule ule tukila. Alitafuna, akafikiri, akasema vizuri sana, aje auone ukuta.

Maana sasa ilikuwa ukuta. Kundi la Vifaa Safi lilikuwa limeamua kumchagua bingwa wa mpangilio, na Mwenyekiti mwenyewe na wakubwa wenzake walikuwa wanapita kwa washindani kukagua kwa macho. Sanduku peke yake halitoshi, eti kila mtu ana sanduku. Mheshimiwa akachukua ubao mkubwa kama mlango, akaupaka rangi nyeupe, akachora kwa rangi nyeusi umbo la kila kifaa, akautundika ukutani bandani na kupanga vifaa vyake juu yake, kila kimoja juu ya kivuli chake. Lazima niseme ukweli, ulipendeza. Ila vifaa vilining'inia kwenye misumari, na kila lori likipita barabarani ukuta unatetemeka, spana zinahama kidogo, na mume wangu anakimbia na rula kuzirudisha. Mwenyekiti, nilielezwa, anatembea na pima maji. Spana ikiinama upana wa unywele, umekwisha.

Siku moja kabla ya ukaguzi alijifungia bandani mchana kutwa. Nilisikia harufu ya gundi, ile kali ya kubandikia vioo vya mbele vya magari. Nikamshukuru Mungu. Nikajisemea, angalau amepata mteja wa kioo.

Wakaguzi walifika Jumamosi asubuhi. Mume wangu alivaa koti jeupe kama la daktari wa meno. Wao walikuja na ovaroli zilizopigwa pasi mpaka zina mstari, na hakuna hata mmoja mwenye uchafu chini ya kucha. Walinipita langoni, wakanisalimia kwa heshima, mmoja akaangalia vyuma vyangu vya kubandulia tairi vimelala mchangani, akafumba macho. Mwenyekiti, mzee mnene mwenye kofia, alisimama mbele ya ukuta, akashusha pumzi ndefu, akaomba kimya. Kisha akatoa pima maji mfukoni na kuanza kuigusisha kwenye spana moja baada ya nyingine. Wengine walimfuata kwa simu zao, wakipiga picha.

Hapo hapo nikasikia honi. Gari la Mama Mikate lilikuwa linaingia likivutwa na jingine la kwake, mvuke unatoka mbele, harufu ya mikate ya moto imejaa uwanja mzima. Mwenyewe alikuwa amekaa pembeni ya dereva. Akashuka, akatusalimia, akasema mikate inatakiwa madukani kabla watu hawajanywa chai, na gari hili lilifia barabarani. Akaketi juu ya tairi zangu zilizopangwa. "Nasubiri hapa hapa," akasema. "Nataka kuona."

Mume wangu alitoka bandani, na kabla hajalifikia gari nikaona uso wake umebadilika, umekuwa ule wa zamani. Akamwambia dereva awashe kidogo tu, azime. Akasikiliza. Akasema mkanda wa feni umekatika, si kitu kingine, injini iko salama kwa kuwa dereva alikuwa na akili ya kuzima mapema. Mkanda mpya upo stoo. Ni kulegeza nati moja ya alternata, kuuvisha mkanda, kuuvuta ukaze, kukaza nati, kuongeza maji. Kazi ya kufumba na kufumbua. Mama Mikate aliitikia kwa kichwa, ameridhika, na mimi nikapumua kwa mara ya kwanza tangu aniambie habari ya magari yake.

Akaja na mkanda. Akanyoosha mkono bila kuangalia, kama kawaida yake, kuelekea lilipokuwa gunia la shemeji. Mkono ukashika hewa. Shemeji alikuwa ameondoka alfajiri kwenda kuchomelea geti mtaa wa mbali, na gunia lake amelibeba.

Basi nikamwona anageuka kuutazama ukuta. Pale juu, mstari wa pili, ilikuwepo spana namba kumi na tatu, ile ile inayotakiwa, inang'aa kama imezaliwa jana. Akaenda mbele yake akasimama. Hakuishika. Akamuuliza Mwenyekiti kama amemaliza mstari ule. Mwenyekiti akasema bado. Akarudi kwenye gari, akaiangalia nati, akarudi kwenye ukuta. Nikamfuata, nikamuuliza kwa sauti ya chini anangoja nini.

"Hazitoki," akaninong'oneza.

Nikamuuliza hazitoki vipi. Macho yake yakaenda chini. Nikakumbuka ile harufu, na nikaelewa kwamba hakukuwa na mteja wa kioo. Mheshimiwa wangu alikuwa amechukua gundi inayoshikilia kioo cha gari kwenye mwendo wa barabara kuu, akabandika nayo kila spana, kila bisibisi, kila soketi, zisihame lori likipita, na, akaongeza kwa aibu, watu wasiziazime. Fundi peke yake ndiye anayeweza kufanya kosa hilo. Mtu wa kawaida angetumia gundi dhaifu.

Nikawageukia wageni. Jamani, ninyi mabingwa wa vifaa, hamkosi kumi na tatu. Wakakusanyika wote kwenye injini ya gari la mikate, mikono nyuma, na hapo ndipo nilipoona maajabu. Mmoja akasema nyumbani anayo kumi na tatu yenye shingo iliyopinda kidogo, kwa nati kama hii ingekuwa tamu ajabu. Mwingine akasema hapana, shingo iliyonyooka, anayo mbili, hazijawahi kutumika. Wa tatu akafungua simu akatuonyesha picha ya yake, akaikuza mpaka namba ikaonekana. Wakabishana. Mafundi bora wa mji mzima walisimama uwanjani kwangu, na spana pekee iliyokuwa mwilini mwa mtu ilikuwa ile ya dhahabu ya kujidai iliyoning'inia kwenye funguo za Mwenyekiti, ndogo kama kipini cha pua. Mwenyekiti akapendekeza wateuliwe watu wawili waende nyumbani kwake, lakini funguo za kabati la vifaa anazo mke wake, na mke wake amesafiri.

Mama Mikate hakuwangoja wamalize. Alitoa simu kwenye mkoba, nikamsikia anamuuliza mtu kama gereji yao iko wazi na kama wana gari la kuvuta. Maji yalinifika shingoni.

Niliokota chuma changu kirefu cha kubandulia tairi, nikaingia bandani. Mume wangu akanitangulia, akajiweka mbele ya ukuta na koti lake jeupe, akapanua mikono.

"Mke wangu, waache kwanza wapige picha. Mstari mmoja tu umebaki."

"Huyu mama akiondoka na mikate yake, tunafunga," nikamwambia. "Watayapiga picha mabati?"

Alinitazama. Nadhani aliona kwamba sitanii, kwa sababu mikono ilishuka na akasogea, polepole, kama mtu anayempisha mgonjwa. Nikachomeka ncha ya chuma chini ya kumi na tatu, nikaegemea kwa uzito wangu wote, na mimi si mwepesi. Ubao ukalia. Spana ikang'oka na kipande cha mbao na rangi nyeupe na nyeusi kimeng'ang'ania mgongoni mwake, na pale ilipokuwa pakabaki donda. Nyuma yangu mtu aliguna kama tuko mazikoni. Mwenyekiti alivua kofia.

Nikampa mume wangu ile spana na mbao zake. Akaigeuzageuza, nikadhani ataanza kuisafisha, na nilikuwa tayari kumwonyesha kazi nyingine ya kile chuma. Lakini hakuisafisha. Akaenda kwenye gari, akajitupa juu ya injini na koti jeupe na kila kitu. Na hapo, nisiwafiche, moyo wangu uliruka. Mkono ulikwenda moja kwa moja. Nati ikalegea, mkanda ukavaa, akauvuta kwa nondo, akaupima kwa kidole gumba tu, akakaza. Alikuwa anapiga mluzi. Sikumbuki lini mara ya mwisho nilimsikia akipiga mluzi. Akaongeza maji, akamwambia dereva awashe, injini ikanguruma vizuri, naye akasimama ameinamisha sikio, oili imemfika kwenye viwiko, anatabasamu peke yake. Wageni hawakupiga picha hata moja.

Mama Mikate aliinuka kwenye tairi, akampa dereva ishara apande. Hakwenda kwa fundi, alikuja kwangu. Akasema kwamba magari yake yote yataanza kuja Jumatatu, ila anataka mtu wa kuongea naye awe mimi. Nikamwambia mama, mimi ni wa tairi, injini sizijui.

"Najua," akasema. "Nimeona nani kaitoa spana. Wewe simamia, fundi utamtafuta."

Nikageuka nimtazame mume wangu. Alikuwa amerudi bandani. Mwenyekiti alikuwa anamweleza kwa masikitiko kwamba kanuni ni kanuni, ukuta wenye pengo hauingii kwenye mashindano, lakini mwakani ipo nafasi. Naye anaitikia, ndiyo mzee, ndiyo mzee, huku anapapasa lile donda kwenye ubao kwa kidole cha oili. Mtu aliyetoka kuokoa nyumba yake alikuwa anaomboleza pengo. Nilimwonea huruma na hasira kwa pamoja, na sikujua kipi kitangulie, basi vyote vikatoka kwa sauti moja ambayo kila mtu uwanjani aliisikia.

"Fundi ninaye, mama. Kwa injini simjui anayemzidi," nikasema. "Ila hana spana."

Nyuma ya mume wangu ukuta mzima wa vyuma unang'aa, na hakuna hata mgeni mmoja aliyethubutu kusema kwamba nimekosea. Mama Mikate aliutazama ukuta, akamtazama mume wangu, akapanda gari lake. Mume wangu aliiangalia kumi na tatu mkononi mwake, imechafuka, ina mbao mgongoni. Kisha akavua lile koti, akaja mpaka langoni nilipokuwa nimesimama.

"Kazi inaanza lini?" akauliza.

"Ukishazibandua."

Akachukua chuma mkononi mwangu, akarudi bandani akaanza na mstari wa juu, pale ambapo Mwenyekiti alikuwa bado ameegemeza pima maji yake, akamwomba samahani, asogee kidogo.